Tanga: usiku mikoko inafukiwa kifusi, mchana tunaletewa miche ya kupigia picha

Wakuu salamu baadae, leo nna hasira.

Huku kwetu Tanga mjini, mtaa siutaji nisije nikatafutwa, kuna mkono wa bahari umeingia ndani una mikoko pande zote mbili. Sasa huu ni mwezi wa tatu tangu tipa zianze kuja saa nane usiku zinamwaga kifusi humo humo, asubuhi ukipita unakuta vigingi, wiki inayofata msingi. Kiwanja kishauzwa hicho! Nani kauza bahari? Anaejua hasemi.

Nimeenda ofisi ya kwanza naambiwa hayo ya misitu, nikaenda huko naambiwa hayo ya ardhi, wa ardhi akaniuliza we una kiwanja hapo? Sina. Sasa unalalamika kama nani? Jamani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema ndani ya mita 60 toka ufukweni hakuna kuweka kitu cha kudumu, ila huyu wa kwetu kajenga kwenye maji yenyewe, labda sheria inaanzia nchi kavu sijui.

Watu wanaona mikoko ni kichaka cha mbu na pa kutupia pampasi. Mama yangu katusomesha kwa kaa wa humo, kamba wanakulia kwenye ile mizizi, na samaki changu wadogo kibao, leo mashimo ya kaa yote yapo chini ya matofali chakavu. Ndege yangeyange jioni walikuwa wanajaa juu ya miti mpaka panakuwa peupe, sasa hata mmoja hayupo. Maji makubwa ya bamvua mwezi uliopita yamekosa pa kupita yakaingia kwa jirani mpaka chooni, na yalivyotoka huko hayakutoka peke yake, mtanisamehe wanaokula.

Ila kilichonifungulisha uzi ni hiki. Juzijuzi wamekuja watu na tisheti na maspika wakapanda miche, aina moja tu, ule mkoko wenyewe, wakaipanda kwenye mchanga mbele kabisa panapopigwa na mawimbi!! Mtoto yeyote wa pwani anajua mikoko ina aina zake na kila moja ina pake, mbele huko ni kwa mlilana, mkoko unataka tope, mkandaa unakaa nyuma. Hatua kama mia mbili kutoka hapo mikoko ya miaka na miaka iliyojiotea yenyewe inafukiwa, na hakuna hata mmoja aliegeuza shingo. Picha, soda, gari zikaondoka. Siku ya nne miche imelala yote. Mbegu ya mkoko inachipua ikiwa bado juu ya mti, ikidondoka inajichoma kwenye tope yenyewe, haitaki mgeni rasmi ile, inataka usiifukie tu.

Mwenye kujua ofisi inayopokea malalamiko ya mtu asie na kiwanja aniambie, na aandike hapa hapa sio inbox. Saa hizi naandika saa nane na robo, tipa la pili hilo linarudi nyuma, nalisikia linavyolia.