Mjadala: Cheti cha kazini kiwe sawa na cha chuo?

Mkaazi wa Mikindani: Jamani, kijana akiandikwa mwanagenzi kwenye karakana, akalipwa huku ajifunza, kisha akafanya mitihani ya ufundi ya NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, kutoka Gredi 3 mpaka 1 ya juu, mbona akiomba kazi bado aulizwa diploma? Mimi nasema vyeti hivyo vipewe uzito mmoja.

Fundi Shimanzi: Naunga mkono. Juzi nililetewa kijana wa diploma, nikamwambia achomelee bomba. Rodi ikamganda, akabaki kuivuta mpaka ikawa nyekundu yote. Wanafunzi wangu huanza kwa kufagia na kutumwa mahamri na mbaazi, ndipo washike mashine. Na hayo pia ni mafunzo.

Msomi wa Tudor: Fundi, usitupake sote kwa mmoja. Chuo chetu unachokidharau, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kikifunza ufundi, hata kabla hakijawa chuo kikuu mwaka 2013. Wewe bomba walichomelea, lakini nguvu linayoweza kuhimili nani aipigia hesabu?

Binti Kisauni: Hesabu wekeni kando kwanza. Mahamri ni mafunzo? Nimekaa gereji moja Changamwe mwaka mzima. Wavulana walionikuta waliingia chini ya gari, mimi naambiwa "dada, pitisha chai". Na ada ya kufunzwa alitoa mamangu!

Fundi Shimanzi: Binti yangu, sikukutaja wewe. Lakini asiyetumika hafunziki. Nasi tulichota maji kwa walimu wetu na hatukufa.

Binti Kisauni: Kwa hiyo kwa kuwa mlionewa, nasi tuonewe?

Ami wa Majengo: Polepole, wanangu. Ukitoa ada wewe, huo si uanagenzi wa kisheria. Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, Sura 237, yataka mkataba wa maandishi, na uandikishwe NITA. Fundi, wako umewaandikisha?

Fundi Shimanzi: Ami, karakana ya mabati matatu na mkataba wapi na wapi? Nauli na chakula nawapa. Serikali yatukata Sh50 kila mwezi za mafunzo, iwalipe yenyewe.

Karani Bandarini: Hapo si kweli. Sh50 ni kwa kila mfanyakazi, na hutoa mwajiri, hairuhusiwi kukatwa mshahara wa mtu. Kama mdosi wako alikukata, alikuibia.

Fundi Shimanzi: Nani kaibiwa? Mimi ndiye mdosi!

Mkaazi wa Mikindani: Jamani, swali lilikuwa la cheti. Tangu 2024 kuna sera ya kutambua ujuzi wa mtu hata kama hakukaa darasani. Mbona waajiri hawaifuati?

Mama Likoni: Sera haipandishi mtu feri. Wangu ana Gredi 2 ya umeme, kila asubuhi avuka akitafuta kibarua, wamwambia alete diploma. Na nyinyi wanaume mumeshikilia mahamri. Mjibuni binti wa watu.

Fundi Shimanzi: Haya, namjibu. Binti, njoo Shimanzi Jumatatu na nguo za kazi. Chini ya gari utaingia siku hiyo hiyo. Ada sitaki. Malipo tutazungumza.

Binti Kisauni: Shukran, fundi, lakini malipo hayazungumzwi, huandikwa. Nitakuja na karatasi ya mkataba, na Ami awe shahidi. Na mahamri yanunuliwe kwa zamu, wavulana pia.