Tupeane uzoefu: sungura uliyemwokoa ulimkabidhi nani?

Mwalimu, Jinja:
Ndugu zangu, jirani yangu alianza kufuga sungura kwa ahadi kwamba waliomuuzia mbegu wangerudi kununua kila kitoto kitakachozaliwa. Vizimba vilipojaa, simu zao zikawa hazipokelewi, naye akaanza kupunguza chakula ili hasara isizidi. Nilimwomba anikabidhi waliobaki, nikaondoka na 11 ndani ya masanduku matatu ya nyanya, nyayo zao zikiwa na vidonda kwa kukaa juu ya waya usiku na mchana. Vidonda vilipona nilipowatandikia nyasi kavu. Kilichonitoa jasho ni kuwatafutia makao. Mwaka mmoja na nusu umepita, nimekabidhi saba tu, na wanne hawa nadhani watazeekea kwangu. Ninyi mlimpa nani, na mlijuaje kwamba hampeleki sungura sufuriani?

Hajati, Entebbe:
Mwalimu, mimi huuliza swali moja: atalala wapi? Kijana mmoja alifika kwa bodaboda akiwa na gunia, nami nilipomuuliza hivyo akanijibu, "Leo?" Nikamrudisha na gunia lake. Simlaumu, kwa maana hapa kwetu sungura ni kitoweo kama kuku, lakini hawa sikuwaokoa kwa ajili hiyo. Sasa sitoi sungura kabla ya kwenda mwenyewe kuona banda, kivuli chake na hasa komeo la mlango, kwa sababu mbwa wa mtaani habishi hodi.

Mama Pacha, Mbale:
Kosa langu nalieleza bila kuficha. Familia moja ilitaka majike wawili, nami nikawakagua harakaharaka jioni, kwa mwanga wa simu, nikawapa. Baada ya wiki chache mama mwenye nyumba akanipigia akisema kwamba mmoja anajinyonyoa manyoya ya kifuani na kuyarundika kwenye kona ya banda. Nilielewa papo hapo, maana mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi, na jike akikaribia kuzaa hutandika kiota kwa manyoya yake mwenyewe. Kwa kuwa dume anaweza kumpanda jike siku ileile aliyozaa, niliondoka usiku huohuo kwenda kumtoa yule wa pili, kumbe ni dume. Asubuhi yake vikazaliwa vitoto sita.

Tangu hapo dume hatoki kwangu kabla ya kuhasiwa, na hata akishahasiwa humtenga na majike kwa wiki sita, kwani mbegu hubaki mwilini kwa muda. Gharama ya daktari tunagawana na mpokeaji. Asiyekubali kuchangia hilo, sidhani atakubali kumlisha mnyama anayeweza kuishi miaka 8 hadi 12. Tafuteni daktari aliyewahi kumfanyia sungura upasuaji, si yule aliyezoea ng'ombe na mbwa peke yao. Wa kwanza niliyempata aliniagiza nimnyime chakula usiku kucha, ilhali sungura hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu hugoma kufanya kazi.

Afande mstaafu, Arua:
Wangu hana wa kumchukua, nami nimeacha kumtafutia. Mtu alimnyanyua kwa masikio, akarusha miguu ya nyuma, uti wa mgongo ukavunjika. Sasa hujivuta kwa miguu ya mbele. Kila asubuhi namwosha sehemu ya nyuma kwa maji ya vuguvugu na kumkausha vizuri ili nzi wasimtagie mayai, kisha namletea majani ya kishona nguo yaliyonyauka kidogo. Joto la Januari likipanda, namwekea ubavuni chupa ya maji yaliyogandishwa, naye huiegemea. Nikimkuna kati ya masikio husaga meno polepole, kasauti kadogo kama ka mtu anayetafuna mchele mbichi chumba cha pili. Mke wangu aliwahi kuniuliza hadi lini, lakini siku hizi ndiye anayemchumia majani.

Mwalimu, Jinja:
Afande, nimesoma mara mbili. Katika wanne wangu yumo mzee mwenye jicho moja, naye huyo sitamtangaza tena. Kuna mama wa Njeru ameomba wawili. Hajati, Jumamosi ninakwenda kuangalia komeo. Mama Pacha, nimewakagua upya mchana kweupe, nikamwita na daktari: wote ni majike.