Tumechanga 140,000 kununua seti ya dadu za "jiwe la amethisti", tumeletewa plastiki. Tunataka hela yetu

Wakuu salaam.

Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha. Niko Mbeya, Soweto. Tupo watano tunaocheza Dungeons & Dragons kila Jumamosi jioni, huu ni mwaka wa pili. Kwa wasioujua, ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na penye utata dadu ndiyo inayoamua. Seti kamili ni dadu saba: ya pande 4, ya 6, ya 8, mbili za pande 10, ya 12 na ya 20. Hiyo ya 20 ndiyo roho ya mchezo, inarushwa kuliko zote.

Muda wote huo tulikuwa tunatumia programu ya simu. Mwezi wa tano tukakubaliana tuchange 28,000 kila mmoja tununue seti moja ya maana, ya kukaa nayo miaka. Mwenzetu mmoja anauza mboga Mwanjelwa, mchango wake aliutoa kwa mafungu matatu. Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Muuzaji tulimpata mtandaoni, yuko Kariakoo. Tangazo lake lilisema seti ya wakusanyaji, amethisti halisi, imechongwa kwa mkono, na kasha la mbao na trei ya ngozi ya kurushia. Nilimuuliza mara mbili kwa maandishi: boss, hili ni jiwe kweli? Akajibu, "Jiwe kabisa kaka, ondoa shaka." Tukatuma hela kwa simu, mzigo ukapandishwa basi la usiku, nikaupokea asubuhi stendi ya Nanenane.

Ilikuwa mwezi wa saba. Mlio huku mnajua asubuhi ya mwezi wa saba ilivyo, bomba tu ukilishika vidole vinauma. Nikafungua kasha palepale stendi, nikaweka ile ya pande 20 kiganjani. Haikuwa na baridi! Jiwe lililolala kwenye buti la basi usiku mzima, likapita Makambako alfajiri, lingenigandisha mkono. Hii niliisikia kama kifungo cha shati, na nyepesi hivyohivyo. Nikajipa moyo kwamba labda amethisti ndivyo ilivyo. Hapohapo ndipo nilipotakiwa kumpigia simu, na sikupiga. Hilo linaniuma mpaka leo.

Trei siyo ngozi, ni ngozi ya bandia, na ilianza kubanduka pembeni wiki ya kwanza. Dadu mbili za pande 10 zote zimeandikwa 0 hadi 9, wakati moja inatakiwa iwe ya makumi, 00 hadi 90, ili ukizirusha pamoja upate asilimia. Hayo tungeyavumilia.

Jumamosi ya tatu, mhusika wa dada yetu mmoja alianguka vitani. Amemjenga huyo mhusika miezi minane, ana daftari zima la habari zake, mpaka wimbo wa kijiji chake ameutunga. Kwa kanuni za toleo la tano tunalocheza, ukianguka hivyo unarusha d20, yaani dadu ya pande 20, kila zamu: kuanzia 10 kwenda juu umefaulu, chini yake umeshindwa, ukishindwa mara tatu umekufa. Akarusha 4. Akarusha 6. Mezani kimya. Akarusha 3. Alifunga daftari, akaliweka kwenye mkoba, akaaga kwamba kesho ana kazi asubuhi. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Usiku ule ndipo nilipoiangalia ile dadu vizuri chini ya taa. Pembeni ya 20 kuna 19. Pembeni ya 19 kuna 18. Namba zimefuatana kama ngazi mpaka 1. Wakuu, hiyo siyo dadu ya kurusha! Ni ya kuhesabia uhai kwenye mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, unaanza na 20 na kuigeuza upande mmoja mmoja kadiri unavyopigwa. Ndiyo maana namba zinafuatana, ili usihangaike kuzitafuta. D20 ya kurusha namba zake huchanganywa makusudi: 20 inazungukwa na 2, 8 na 14. Ikitokea ina uzito upande mmoja, basi angalau upande huo una kubwa na ndogo pamoja. Kwenye hii, namba ndogo zote zimekaa upande wao na kubwa upande wao, kwa hiyo kasoro ndogo tu ya uzito inakupeleka chini moja kwa moja.

Na kasoro ipo. Nilichukua kikombe cha maji ya vuguvugu, nikatia chumvi na kukoroga mpaka ikagoma kuyeyuka. Nikaitumbukiza dadu. Ikaelea. Amethisti ni jiwe la aina ya kwatzi, uzito wake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya uzito wa maji, hakuna chumvi ya kuielesha. Nikaizungusha kwa kidole mara kumi. Mara nane upande uleule ulirudi juu, 3, 4, 6 na jirani zao. Nikaiweka mbele ya tochi ya simu: ndani kuna kiputo cha hewa ukubwa wa punje ya ulezi, chini kidogo ya 4. Upande wenye kiputo ni mwepesi, kwa hiyo ndio unaopenda kukaa juu. Kesho yake nikaikwaruza kwa pini, ikachubuka. Kwatzi inakwaruza kioo, pini ya chuma haiifanyi kitu.

Nikamtumia muuzaji picha zote na video ya kikombe. Jibu lake: "Kaka dadu ni dadu, si inatoa namba? Mzigo ukishafunguliwa haurudi." Nilipomkumbusha maneno yake kuhusu jiwe, akaifungia namba yangu.

Sasa boss, najua unapita humu, tangazo lako umelibandika hata jukwaa hili. Risiti hukutoa, lakini maneno yako ninayo na muamala ninao. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na barua ya kwenda Tume ya Ushindani nimeshaiandika. Nakupa mpaka Ijumaa. Rudisha 140,000 yote, seti nakurudishia kwa basi kwa nauli yangu mwenyewe, na kasha lake na trei lake.

Na nyie mlionunua kwake, iwe Iringa, Njombe au popote, chukueni d20 yenu muangalie jirani za 20. Mkikuta 19, wekeni picha hapa chini kabla ya Ijumaa niiambatanishe.

Dada yetu nimemtumia ile video ya kikombe jana. Msimuliaji amekubali zile rusho tatu zifutwe. Jumamosi hii atazirudia kwa programu ya simu.