Injini imechemsha nikipanda milima ya Amani, gasketi pekee inatosha?

Dereva_Muheza: Wakuu, gari limechemsha mlimani. Oili imekuwa kama chai ya maziwa. Fundi anataka kubadilisha gasketi tu, ile ya kuziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu. Mnasemaje?

Fundi_Ngamiani: Pole ndugu. Maji yameingia kwenye oili, usiliwashe kabisa, utaua beringi. Silinda hedi, yaani hicho kifuniko cha juu, ikiwa imepinda, gasketi mpya haitadumu. Ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka, ikibidi isagwe. Bolti zikazwe kwa mpangilio, kuanzia katikati, kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Nakusihi, zisikazwe kwa kukisia. Halafu chanzo ni nini? Rejeta, feni, au themostati, ile valvu ya kupitisha maji yakipata moto?

Dereva_Muheza: Feni haizunguki.

Mama_Raskazone: Basi huyo ndiye mchawi wako. Atengenezwe kwanza. Oili yote imwagwe, njia zake zisafishwe, filta mpya.