Fandesheni inageuka kijivu na kukatika kabla ya saa sita mchana, nakosea wapi?

msafiri_wa_kamanga

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada wa wapambaji na wanaoijua ngozi vizuri.

Nakaa ng'ambo ya Kamanga, kazi ni mapokezi mjini Mwanza, kwa hiyo kila asubuhi navuka na kivuko nikiwa nimeshajipaka. Paji na pua vina mafuta sana, mashavu ni ya kawaida. Rangi yangu ni maji ya kunde iliyokolea.

Ninavyofanya: naosha uso kwa sabuni ya kipande, napaka mafuta ya mgando, praima (ya kutangulia fandesheni), fandesheni ya maji (nabonyeza mara tatu), konsila (ya kuficha weusi) nyeupe kidogo chini ya macho, poda nyeupe uso mzima. Inapofika saa tano pua inang'aa, pembeni mwa mdomo kuna mistari, paji limekuwa kijivu na shingo ina rangi yake. Nikipigwa picha ya flashi chini ya macho panatoka peupe kabisa. Isitoshe nina vipele vidogo vidogo kwenye paji, na kuna mtu ananishauri nichanganye fandesheni na krimu ya kung'arisha ili rangi zilingane. Nianzie wapi kurekebisha?

mpambaji_kirumba

Pole dada. Umeeleza kwa mpangilio, ndiyo maana kosa la kwanza linaonekana kabla hata hatujafika kwenye fandesheni: mafuta ya mgando. Mafuta yale hayanywewi na ngozi, kazi yake ni kukaa juu na kuzuia maji yasitoke. Fandesheni ikiwekwa pale inakaa kwenye utelezi. Ukitoka jasho kidogo tu inahama, inakimbilia kwenye mikunjo ya pua na pembeni mwa mdomo, na hiyo ndiyo mistari unayoiona. Mafuta hayo yaachie midomo, viwiko na visigino. Usoni asubuhi paka losheni nyepesi isiyo na mafuta, kiasi cha punje moja ya harage, kisha subiri dakika tano. Gusa shavu kwa kidole: kama bado linanata, usiendelee.

La pili ni praima na fandesheni kutopatana. Geuza chupa usome viungo. Ukiona maneno yanayoishia na -cone au -siloxane miongoni mwa vile vinne au vitano vya mwanzo, hiyo ni ya silikoni. Ya silikoni huwekewa praima ya silikoni, ya maji huwekewa ya maji. Kama maandishi yamefutika, fanya hivi: weka tone la praima na tone la fandesheni mgongoni mwa mkono, zungusha kwa kidole mara kumi. Zikipatana unapata rangi moja laini kama uji uliochujwa. Zisipopatana utaona vipunje vinajikusanya kama maziwa yaliyokatika, na maji yanajitenga pembeni. Kinachotokea mkononi ndani ya nusu dakika ndicho kinachotokea usoni saa tano.

Sasa kijivu. Kwa ngozi zetu sababu karibu kila mara ni rangi iliyokosewa pamoja na poda nyeupe. Watu wengi hununua fandesheni nyeupe kidogo kuliko ngozi, tena yenye wekundu wa waridi ndani, wakati ngozi ya maji ya kunde mara nyingi ina umanjano au udhahabu. Weupe ule ukiwa juu ya kahawia unatoa rangi ya majivu. Usichague rangi chini ya taa za dukani. Chora mistari mitatu ya rangi tofauti kwenye taya ikishuka hadi shingoni, toka nje juani, na usubiri dakika 15 hadi 20, kwa sababu fandesheni nyingi hukolea zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Utakaopotea usionekane kwenye taya na shingo, huo ndio wako. Paji huwa jeusi kuliko mashavu kwa watu wengi, kwa hiyo ukilinganisha na paji au shavu utapotea. Linganisha na shingo.

Kipimo nacho kimezidi. Kubonyeza mara tatu ni kwa kazi ya jukwaani. Anza na kiasi cha njegere moja kwa uso mzima, anzia katikati ukienda pembeni, halafu ongeza pale tu panapohitaji. Pembeni mwa mdomo pitisha kile kilichobaki kwenye sponji, usiongeze kipya, maana pale ngozi inakunjuka kutwa nzima.

Sponji: ichovye kwenye maji mpaka ivimbe, ikamue, kisha iviringishe ndani ya taulo kavu na ukamue tena kwa nguvu. Ukiibonyeza kwenye kiganja iache ubaridi tu, isiache tone. Ikiwa na maji mengi inaipunguza nguvu fandesheni, na hapo tena inakatika. Gonga, usiburute.

Chini ya macho acha konsila nyeupe. Kama pana weusi, tanguliza konsila ya rangi ya machungwa, utando mwembamba sana pale penye weusi tu, kisha konsila inayolingana na ngozi yako au inayozidi weupe kwa daraja moja. Ule weupe wa flashi unatoka kwenye poda: zile nyeupe zisizo na rangi, hasa zenye silika nyingi, zinarudisha mwanga kwenye kamera hata kama kwenye kioo huzioni. Tumia poda yenye rangi yako. Kabla ya shughuli yoyote jipige picha moja ya flashi ukiwa gizani.

Na poda isiwe uso mzima. Paji, pembeni mwa pua, kidevu. Bonyeza kama unapiga muhuri, usipanguse. Mchana ukianza kung'aa usikimbilie poda. Chukua tishu, tenganisha karatasi zake ubaki na moja, bandika kwenye paji na ushikilie sekunde tano, rudia kwenye pua. Poda ndogo ije baada ya hapo. Poda juu ya jasho inageuka tope.

Kwa safari yako ya kivuko nakushauri ugawe kazi. Nyumbani maliza losheni, kinga ya jua na nyusi. Fandesheni na poda ni dakika saba tu, zifanye ukishafika kazini. Upepo wa ziwani na jasho la kupanga foleni vinakuharibia kazi ambayo hata hujaitumia.

mfamasia_nyakato

Mpambaji ameeleza vizuri. Niongeze ya ngozi yenyewe, na nianze na krimu ya kung'arisha kwa sababu hiyo ndiyo hatari.

Usichanganye. Krimu nyingi za aina hiyo, hasa zinazouzwa kwenye vikopo visivyo na orodha ya viungo, zina kimoja kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi inafanya ngozi ionekane nyororo wiki za mwanzo, kisha inakuwa nyembamba, vishipa vinaonekana, chunusi zinafumuka. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu juani inaweza kuacha mabaka ya bluu-nyeusi kwenye mashavu, na mabaka hayo ni magumu sana kutoka. Zebaki inapenya ngozi na kuumiza figo. Kwenye kopo ukisoma calomel, au neno lolote linaloanza na mercur-, rudisha. Vipodozi vyenye viambato hivi vimepigwa marufuku hapa nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Kwa anayesoma hapa na tayari anatumia mkorogo wenye steroidi: usiache ghafla. Ngozi hufumuka ikawaka moto na kuwasha, na wengi hurudia mkorogo kwa sababu ya maumivu hayo. Nenda kliniki ya ngozi katika hospitali ya rufaa kama Bugando, na kopo ulibebe.

Kinga ya jua. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 1,000 za kupanda huongeza mionzi kwa takriban asilimia 10, na ukiwa kwenye kivuko maji yanakurudishia sehemu ya mwanga kutoka chini. Ubaridi wa upepo unakudanganya kwamba jua halichomi. Chukua yenye SPF (namba ya nguvu ya kinga) 30 au zaidi. SPF 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi inayobabua na 50 kama asilimia 98, kwa hiyo usihangaike na namba kubwa, hangaika na kipimo: kamua mistari miwili kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia mzizi hadi ncha. Hiyo ni ya uso na shingo. Ipe dakika 15 ndipo praima ifuate. SPF iliyoandikwa kwenye fandesheni usiitegemee, kwa sababu njegere moja haifiki kipimo hicho hata kidogo.

Ukipata yenye rangi ya kahawia ndani, bora zaidi. Rangi ile hutokana na oksidi za chuma, nazo huzuia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwenye ngozi nyeusi unakoleza madoa ya chunusi. Pia haiachi weupe, kwa hiyo chanzo kimoja cha kijivu kinaondoka.

Vipele vya paji: angalia kwanza mafuta ya nywele na ukingo wa wigi au kofia ya kulalia. Mafuta yakishuka kwenye paji usiku kucha yanaziba vinyweleo. Fua kofia na foronya kila wiki. Sabuni ya kipande ina pH (kipimo cha uchachu) ya 9 hadi 10 wakati ngozi iko karibu na 5, ndiyo maana baada ya kuosha uso unakaza, na ngozi ikikauka unaongeza mafuta mazito juu. Tafuta sabuni laini ya uso ya maji, mara mbili kwa siku basi. Kisha dawa ya chunusi, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, utando mwembamba, usiku tatu kwa wiki kwa kuanzia. Inafuta rangi ya vitambaa, kwa hiyo lalia foronya nyeupe. Ipe wiki sita hadi nane. Lakini kama vipele vyote ni vya ukubwa mmoja na vinawasha, inaweza kuwa fangasi ya vinyweleo. Hiyo hupenda joto na jasho, dawa yake ni nyingine, muone mtaalamu.

Ndimu na dawa ya meno visiguse uso. Maji ya ndimu yakikutana na jua yanaunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya miezi.

msafiri_wa_kamanga

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya jaribio la mgongo wa mkono sasa hivi: vipunje tupu, na maji yamejitenga. Praima yangu ina dimethicone ya pili kwenye orodha, fandesheni haina kabisa.

Naomba la mwisho: jicho linatoka machozi kwenye kivuko na wanja unashuka hadi shavuni. Na usiku natoa vipodozi kwa mafuta ya nazi, ni sawa?

vipodozi_makoroboi

Dada, hiyo praima usiitupe, itunze ukipata fandesheni ya silikoni. Kwa sasa hiyo ya maji ipake bila praima, juu ya losheni iliyokauka.

Wanja: usipake ndani ya kope la chini. Machozi yanapita palepale, yanauzoa wote. Paka kwenye mzizi wa kope za juu tu, kwa penseli isiyoyeyuka kwa maji, kisha gonga juu yake unga wa rangi ya macho nyeusi kwa brashi nyembamba. Huo unga ndio unaoushika. Wanja wa unga wa kienyeji usiojulikana umetengenezwa na nini uepuke, baadhi yake una madini ya risasi yenye sumu, na watoto wachanga wasipakwe kabisa.

Maskara ikifikisha miezi mitatu tangu ufungue, tupa, na usimwazime mtu. Kwenye vitu vingine tafuta alama ya kikopo kilicho wazi chenye 6M au 12M, hiyo ni miezi tangu kufunguliwa. Fandesheni iliyojitenga na haichanganyiki ukiitikisa, au imebadilika harufu, imekwisha hata kama tarehe bado.

Jioni kwenye bustani za kando ya ziwa usipake lipstiki ya kung'aa wala ya kunata, wale wadudu wadogo wa ziwani wanafuata taa na watajaa mdomoni. Weka isiyong'aa, bana tishu kwa midomo, paka tena.

Mafuta ya nazi kwa kutolea vipodozi ni sawa, mradi uoshe na sabuni baada ya hapo.

mfamasia_nyakato

Hapo kwenye nazi sikubaliani kwa uso wa msafiri. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa yale yanayoziba vinyweleo kwa urahisi, na yeye tayari ana vipele vya paji. Kwa mwenye ngozi kavu isiyo na chunusi sina neno. Kwako dada tafuta mafuta maalumu ya kutolea vipodozi yanayogeuka meupe kama maziwa yakiguswa na maji. Mikono mikavu, uso mkavu, sugua taratibu dakika moja, kisha lowesha vidole uendelee mpaka yawe meupe, suuza, ndipo sabuni ya uso. Ukianza na maji, mafuta hayashiki vipodozi.

mpambaji_kirumba

Nakubaliana na mfamasia. Sponji ioshe kila ukiitumia, brashi za fandesheni kila wiki. Brashi zilaze juu ya taulo vichwa vikiinamia chini kidogo, maji yasirudi kwenye gundi ya mpini yakaanza kung'oa nywele. Sponji ianikwe kivulini penye upepo mpaka ikauke hadi ndani. Ukiirudisha mbichi kwenye pochi, ndani ya siku chache utaona vidoa vyeusi. Ukiviona haioshwi tena, nunua nyingine.