MREJESHO: Wanangu na majirani wa mtaa mpya

Habari zenu wakuu, mtakumbuka niliuliza nifanyeje wanangu, mmoja miaka 4 mwingine 6, wawazoee watu wa mtaa tuliohamia maana wakisalimiwa tu wanajificha nyuma yangu. Asanteni sana wote mliojibu, mmenisaidia mno.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni ile ya kupita njia ileile, muda uleule, tunasalimia watu walewale kwa majina, mwanzoni nasalimia mimi wao kimya na siwalazimishi, ikafika mahali mkubwa anawahi kusalimia yeye na anamuuliza fundi viatu leo unashona nini, na yule mzee ana subira jamani, anamwonyesha sindano, uzi, gundi, kila kitu. Halafu ramani! Aliyesema tuchore ramani ya mtaa ubarikiwe sana, wamechora nyumba yetu, mti mkubwa, zahanati, kwa fundi, na wakimjua mtu mpya wanamwongeza, tumeibandika ukutani.

Kilichogoma ni kuwapeleka siku ya usafi wa mtaa. Watu wengi, kelele, mkubwa aliokota karatasi kwa raha zake ila mdogo alilia mpaka tukarudi nyumbani. Huyo sasa hivi nampeleka kwa jirani mmoja mmoja tu, ameanza kupunga mkono, kuongea bado.

Kama una mtoto mwoga anza na ramani, haimpi presha kabisa.