Mnaitupia AI sentensi moja, ikikosea lawama ni zangu!

Jamani, hili limenikaa kooni wiki nzima, leo nalitoa.

Nafanya kazi nyumba ya wageni hapa Lamu, Mkomani. Mwezi uliopita bosi alitaka karatasi ya Kiingereza ya kumwelekeza mgeni. Hakuniuliza. Akashika simu, akaiandikia AI: "Andika kwa Kiingereza kitu kizuri kuhusu nyumba yetu Lamu, wageni wapende. Chai saa moja hadi saa nne." Basi! Kilichotoka akakipeleka kupigwa chapa, nakala 300, bila kukisoma.

Mgeni anaambiwa akitua achukue teksi hadi mlangoni. Uwanja wa ndege uko Manda, kisiwa kingine! Unavuka kwa boti, unashuka gatini, unaingia vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hubana ukutani. Ngome yetu, iliyokamilika 1821, imeandikwa ni ya Wareno. Wareno walijenga Fort Jesus, Mombasa. Lakini lililoniuma zaidi ni chai: imeandikwa kifungua kinywa ni 1 hadi 4. Mama mmoja mtu mzima, ana sukari, alikaa chumbani akingoja, akashuka saa saba mchana, mikono inamtetemeka. Meza zilishafutwa zamani. Nilikimbilia jikoni kumtafutia chochote.

Sasa naambiwa gharama ya chapa itakatwa kwenye mshahara wangu, eti mambo ya kompyuta ni yangu. Na wenzangu kazini wanasema AI ni takataka.

Si takataka. Haijawahi kufika Lamu, na haijui kilichomo kichwani mwako. Usipoiambia, pengo italiziba kwa kubuni. "Kitu kizuri" ni kipi? Kizuri kwa nani? Mtoto ukimtuma sokoni humwambii alete kitu kizuri. Unamwambia changu wawili wa kupaka, wabichi, na wakikosekana alete tafi. Mbona hapo tunajua kueleza?

Jana usiku nilikaa nusu saa na programu ileile. Nikaiambia msomaji ni nani: mgeni asiyewahi kufika, amechoka, anasoma akiwa ndani ya boti. Nikaieleza safari kutoka Manda hadi mlangoni kwetu, hatua kwa hatua. Saa nikaziandika kwa hesabu zote mbili, saa moja asubuhi yaani 7:00, kwa sababu huu mtego wa saa utawanasa wengi wanaoandika Kiswahili wakitaka Kiingereza. Nikataka ukurasa mmoja, bila sifa za kupamba. Mwisho nikaandika: nisichokupa usikibuni, niulize. Ikaniuliza maswali manne, mojawapo nauli ya boti. Hilo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Kisha karatasi iliyotoka nikaipitia neno kwa neno, maana AI hata ukiielekeza vizuri bado inaweza kukosea, na jina mlangoni ni letu.

Bosi, kama unasoma hapa: karatasi mpya iko droo ya mapokezi tangu asubuhi. Zile 300 ziondolewe vyumbani leo, kuna wageni wanatua kesho. Na mshahara wangu usiguswe.

Waliowahi kukatwa pesa kwa kosa kama hili, mlifanyaje? Nahitaji jibu kabla ya mwisho wa mwezi.